Raundi Ambayo Lindsay Hakununua

Mwizi alikuwa amefagia.

Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Sajini Rhonda Takacs aliposimama mlangoni mwa banda la mashua, taulo begani, maji ya bahari yakimchuruzika miguuni. Sakafu ya banda lile, tangu klabu ya waokoaji wa Corrigan Heads ijengwe, haijawahi kukosa mchanga, vifuniko vya bia na magamba ya kaa. Leo iling'aa kama meza ya daktari wa meno.

"Umefagia wewe, Noelene?"

"Mimi? Nifagie mchanga ufukweni? Unaniona nina wazimu?"

Noelene Garrity alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mabega mapana kama jokofu, sauti ya kuitia watu walio nje ya mkondo. Ndiye mshika usukani wa Dorothy, mashua ya mbao ya makasia manne aliyoijenga marehemu baba yake ndani ya banda hilihili na kuipa jina la mkewe. Kila mwaka mpya Corrigan Heads hushindana na watu wa Mossop, ng'ambo ya hori. Ni mashua za zamani tu, za mbao, na yule wa usukani husimama wima nyuma, kwenye tezi, mawimbi yakimrusha. Daktari alikwishamwambia Noelene kwamba nyonga yake haitasimama hivyo tena baada ya mwaka huu. Mashindano ya kesho yalikuwa ya mwisho kwake. Na Dorothy haikuwepo.

"Jumanne jioni tumemaliza mazoezi," alisema Noelene, "tumeipandisha kwenye trela, tumeiingiza humu. Halafu mji mzima tukaenda hotelini, baa yetu ile, kwenye bahati nasibu ya kushinda nyama. Asubuhi yake nakuja kuiamkia, hakuna mashua, hakuna trela. Nimempigia polisi wa mjini, yuko likizo. Yule anayemshikia zamu huko barabara kuu kanicheka. Eti mama, mashua kupotea karibu na mashindano ni utani wa vijana, wewe subiri. Nisubiri nini? Kesho mchana mashua isipokuwa majini, Mossop wanapewa ushindi, na mimi niiage bahari nikiwa kwenye kiti cha barazani!"

Rhonda naye alikuwa likizo. Alikuja na karavani yake, akaapa hatafanya lolote ila kula kamba wa kuchemsha na kulala. Noelene alikuwa amemfuata mpaka ndani ya maji, na nguo zake, akamshika mkono akamtoa kama anayezama.

"Kufuli je?"

"Hilo hapo. Halijawahi kufungwa. Ufunguo wenyewe umening'inia msumarini tangu enzi za baba."

Rhonda aliinama. Alama za magurudumu ya trela zilianzia hatua chache nje ya mlango, kwenye mchanga mgumu, zikapotelea kwenye lami. Ndani hakukuwa na mkwaruzo. Kwa hiyo mtu alikuja na gari, akafunga trela, akaondoka taratibu. Lakini kabla ya kuondoka akachukua ufagio. Mwizi ana haraka. Mtu wa utani ana haraka zaidi, maana anacheka. Anayefagia ni mtu aliyemwaga kitu.

Alikwenda kwenye pipa la taka nyuma ya banda, akalipindua lote chini. Noelene aliguna. Palikuwa na mchanga, vifuniko, karatasi za chipsi. Na katikati ya mchanga, vipande vya plastiki nyekundu, vyembamba, vina michirizi.

"Taa ya nyuma ya gari," alisema Rhonda.

Hapo alitokea Lindsay, mdogo wake Noelene, na soseji mbili ndani ya mkate, vitunguu vikimdondoka. Lindsay ni jitu, pande la mtu. Ndiye kapteni wa kikosi cha kujitolea cha zimamoto, na ndiye anayevuta kasia la mbele katika Dorothy.

"Kula, dada. Hujala tangu jana. Na wewe afande, karibu. Mmepata chochote?"

"Tumepata kwamba mwizi ni msafi kuliko wewe," alisema Noelene, mdomo umejaa. "Na buti za nini kwenye joto hili? Kandambili zako ziko wapi?"

"Zimekatika."

"Mtoto huyu alizaliwa na kandambili miguuni," Noelene alimwambia Rhonda. "Amefunga ndoa na kandambili. Kamzika baba na kandambili, nyeusi, eti za heshima."

Lindsay alicheka, akainama kujikuna vifundo vya miguu kwa nguvu, kulia kisha kushoto. Juu ya buti, soksi zake nyeupe zilikuwa na madoa madogo ya kahawia.

"Jumanne jioni ulikuwa wapi?" Rhonda alimuuliza, kwa sauti ileile ambayo angeomba chumvi.

"Hotelini, na Stav na mzee Dougal. Meza yetu ile ya chini ya feni. Mpaka wanafunga."

"Muulize tu yeyote," alisema Noelene. "Afande, unapoteza muda. Mimi najua waliko. Wako Mossop. Wale waliwahi kutuibia kasia wakalifanya fimbo ya bendera!"

Wakavuka hori kwa kiboti cha bati cha Noelene, injini ikikohoa. Upande wa kusini, pori la hifadhi ya taifa liliteremka mpaka majini, mikaratusi imejikunja kwa upepo, na kangaruu wawili wamelala kwenye nyasi za uwanja wa kambi kama wamelipia nafasi.

Nahodha wa Mossop alikuwa Brendan Tulloch, mwenye duka la samaki na chipsi. Walimkuta nyuma ya duka anamenya viazi, na pikapu lake limeegeshwa hapo, taa ya nyuma ya kushoto imevunjika.

Noelene hakusubiri salamu. "Brendan! Iko wapi?"

"Nini, shosti?"

"Usiniite shosti. Taa yako hiyo imevunjikia wapi?"

Rhonda alikwishachuchumaa. Taa ilikuwa imevunjika, kweli, ila imezibwa kwa utepe, na utepe umepauka kwa jua, na kati ya utepe na chuma buibui alikuwa amefuma nyumba yake, akala, akazaa. Taa ile ilikuwa hivyo tangu miezi ya baridi. Rhonda aliinuka.

"Si yeye."

"Si mimi nini?" Brendan aliweka kisu chini. "Ngoja. Dorothy haipo? Haipo kabisa?" Uso ulimbadilika. "Noelene, wewe utashuka kesho na nini?"

"Ndicho ninachokuuliza!"

"Sikiliza, mama. Nimekuwa nikikufukuza kwenye maji haya tangu nina nywele. Umenishinda mara nyingi mpaka mke wangu ameacha kuja kutazama. Huu ni mwaka wako wa mwisho, na mimi ndio nafasi yangu ya mwisho ya kukushinda ukiwa umesimama. Unadhani nataka kupewa ushindi mezani, kama chenji?" Alifunga aproni vizuri, akalichukua karai la viazi. "Itafute. Ukihitaji watu, nitafunga duka. Ukihitaji chipsi, ngoja dakika."

Walirudi na chipsi. Katikati ya hori Noelene alizima injini. Ndege wa kule wanaocheka kama walevi walikuwa wakicheka msituni.

"Kama si Mossop, ni mtu wa kwetu," alisema.

"Ndiyo."

"Basi sitaki kumjua. Nataka mashua tu."

"Havipatikani kimoja kimoja," alisema Rhonda, akachukua chipsi.

Hotelini, chini ya feni, Stav Kondos na mzee Dougal McPhee walikuwa wamekaa kama walivyokaa miaka yote. Stav mfupi, mweusi wa jua, fundi bomba. Dougal mrefu, masharubu meupe, mwalimu mstaafu. Wote wawili wanavuta makasia ya kati katika Dorothy. Rhonda alimwacha Noelene kaunta, akaja peke yake, akavuta kiti.

"Afande!" alisema Stav. "Leo na viatu! Kuna msiba?"

"Nina swali dogo. Jumanne mlikuwa hapa?"

"Tulikuwa."

"Na Lindsay?"

Wakatazamana. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho, lakini walitazamana.

"Na Lindsay," alisema Dougal. "Jioni nzima. Alikaa hapo ulipokaa."

"Mpaka wanafunga?"

"Mpaka wanafunga," walisema pamoja, kama watoto wanaosoma ubaoni.

Rhonda hakuandika kitu. Alikuwa amekulia kwenye baa kama hiyo, baba yake mchimba makaa ya mawe, na alijua sheria za meza kuliko alivyojua sheria za mahakama. Huku watu hawanywi kila mtu na chake. Mmoja anainuka ananunua kwa wote, kisha wa pili, kisha wa tatu, na mzunguko lazima ufunge. Mtu anaweza kuwa mlevi, mwongo, mdeni wa nusu ya mji, na bado watamkaribisha. Lakini akiondoka kabla ya kununua raundi yake, watamsema mpaka kwenye mazishi yake, na baada ya hapo watamsema kwa mjane wake.

"Bia ya hapa inanywewa taratibu," alisema. "Nani alinunua raundi ya kwanza?"

"Mimi," alisema Stav.

"Ya pili?"

"Mimi," alisema Dougal.

"Na ya tatu?"

Feni ilizunguka. Kaunta walikuwa wakitangaza kwamba leo hakuna chaza. Dougal alichukua kitambaa akafuta masharubu ambayo hayakuwa na povu. Stav aliangalia glasi yake.

"Ya tatu," alisema Dougal polepole, "ilinunuliwa."

"Najua ilinunuliwa. Na nani?"

"Sema tu, Stav."

"Sema wewe."

"Wewe ndiye rafiki yake zaidi."

"Na wewe ndiye mwalimu! Umesema maneno maisha yako yote, unashindwa haya mawili?"

"Ni mepesi," alisema Rhonda. "Semeni, Lindsay alinunua raundi ya tatu. Mkisema hivyo, naondoka, sirudi."

Stav alifungua mdomo. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Lindsay," alisema, "ali... Lindsay ali..." Akapiga meza kwa kiganja mpaka glasi zikaruka. "Siwezi! Afande, nisamehe. Kwa ajili ya Lindsay nitadanganya polisi, nitadanganya hakimu, nimeshamdanganya mke wake wa zamani mara mbili. Lakini kusema alinunua raundi ambayo hakununua? Mdomo huu unakula chakula!"

"Ameondoka baada ya ya pili," alisema Dougal kwa huzuni. "Eti amesahau kumlisha mbwa."

"Mbwa wake yuko kwa dada yake tangu Krismasi!" alisema Stav. "Na ya tatu nimenunua mimi. Tena! Mimi niliyenunua ya kwanza! Kesho yake asubuhi kanipigia simu, Stav kaka, mtu akiuliza, sema nilikuwepo. Hata neno la raundi hakugusa."

"Tulidhani amepata mwanamke," alisema Dougal. "Tukafurahi. Ni wakati wake."

"Mwanamke gani anafuatwa na buti?" alisema Rhonda, akainuka.

Nje, pikapu la Lindsay lilikuwa chini ya mti, lenyewe, vumbi jeupe la barabara ya msituni mpaka madirishani. Rhonda alizunguka nyuma yake. Taa ya kulia ilikuwa imepauka, rangi ya nyanya iliyosahauliwa juani. Ya kushoto ilikuwa nyekundu mpya, bado ina alama ya gundi ya kibandiko cha dukani.

Noelene alikuwa amesimama mlangoni mwa baa. Alikuwa ameziona taa hizo. Mtu wa bahari haoni vibaya.

"Huyo ni wangu," alisema polepole. "Huyo ni Lindsay wangu."

"Twende kwanza tuulize jambo moja."

Kwenye geti la hifadhi, njia ya magari ya zimamoto inapoingia porini, walimkuta Kirra Campbell, askari wa hifadhi na mvuta kasia wa nne wa Dorothy. Alikuwa akimweleza baba mmoja wa mjini, kwa mara ambayo haikuwa ya kwanza, kwamba mbwa haingii hata kama ni mdogo, hata kama ana jina la kiungwana. Baba aliondoka na mbwa wake kifuani. Geti lilikuwa na mnyororo na kufuli kubwa.

"Hili linafungwa kweli?" aliuliza Rhonda.

"Hili ndilo kufuli pekee linalofungwa Corrigan Heads," alisema Kirra. "Funguo mbili. Mmoja ninao mimi. Mwingine anao kapteni wa zimamoto, maana moto haungoji mtu."

"Ruba je? Kuna ruba humu?"

Kirra alicheka. "Kwa ukame huu? Kote kumekauka, ukikanyaga jani linapasuka. Ruba wamekimbilia Bonde la Mierezi, kwenye chemchemi. Huko ukisimama kufunga kamba ya kiatu, wamekwisha kukunywa. Watalii hawaendi. Kuna kibanda cha zamani cha kikosi tu, na mimi sina sababu ya kwenda, msimu huu nakesha na mbwa." Aliangalia uso wa Noelene, kisha wa Rhonda. "Kuna nini?"

"Fungua geti," alisema Noelene.

Walikwenda kwa gari la Kirra. Rhonda aliwapangia vipande kimoja baada ya kingine, bila kupandisha sauti. Madoa kwenye soksi na kujikuna kule ni ruba, na ruba wako bonde moja. Bonde hilo linaingiwa kwa funguo mbili. Taa mpya. Raundi ya tatu.

"Na sakafu?" aliuliza Kirra. "Kwa nini afagie?"

"Hilo sijui bado. Ndiyo maana sina hasira."

"Mimi ninayo," alisema Noelene, "ya kutosha watatu."

Gari lilishuka, hewa ikapoa, makangaga ya majani makubwa yakaanza kupiga vioo. Kenge mmoja mrefu kama mtu alipanda mti bila haraka akawatazama wakipita. Kisha wakasikia msasa. Sh, sh, sh. Mtu alikuwa akipiga msasa na kuimba, vibaya.

Dorothy ilikuwa imelala kifudifudi juu ya magogo mawili mbele ya kibanda, ubavu wake wa mwerezi unang'aa kama asali. Kwenye tezi, ubao mmoja ulikuwa umekatwa na kuwekwa mwingine mpya, umebanwa kwa majiliwa pande zote. Lindsay alikuwa amepiga magoti, vumbi la mbao nyusini. Alipogeuka na kumwona dada yake, jitu lile lilijaribu kujificha nyuma ya kopo la gundi.

"Dada. Nitaeleza."

"Eleza."

"Iligongwa."

"Na nani?"

"Na... gari."

"Gari lilikuwa linajiendesha lenyewe?"

Lindsay alifuta uso, akazidisha vumbi. "Jumanne nilitaka kuingia bandani wakati nyote mko kwenye nyama, nikashushe kitu. Nilirudi nyuma na pikapu. Nikakanyaga breki. Kandambili ikanasa chini ya breki, mguu ukateleza ukaenda kwenye mafuta, na..." Alionyesha kwa ngumi na kiganja namna pikapu lilivyokutana na Dorothy. "Nilisikia ubao ukilia, Noelene. Nilisikia kama baba ananiita jina."

"Ukafagia," alisema Rhonda.

"Vipande vya taa vilienea kote. Dada huingia pale asubuhi pekupeku."

Rhonda aliitikia kwa kichwa polepole. Hicho ndicho kipande kilichokuwa kimebaki.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Noelene.

"Mimi? Nikuambie wewe?" Lindsay aliwageukia Rhonda na Kirra kuomba msaada. "Ninyi mmewahi kumwambia kitu? Nimeingia nyumba zinazowaka moto mara ngapi, siogopi. Lakini kukugongea wewe mlango, nikuambie nimeipasua Dorothy siku tatu kabla ya mashindano yako ya mwisho! Nilisema nitaileta hapa, nitaitengeneza, nitairudisha mkesha, uione tu asubuhi ipo. Useme ni vijana wa utani. Gereji yangu haifai, kila mtu wa mji huu anaingia bila kubisha, na wewe ndiye wa kwanza."

"Na kitu gani hicho ulichokuwa unakishusha?"

Lindsay aliingia kibandani, akatoka amekumbatia makasia matano, marefu, mapya, meupe. Manne ya kuvutia, na moja refu kuliko yote, la usukani. Aliyaweka kwenye majani miguuni pa dada yake kama mtu anayeshusha mtoto.

"Nimeyachonga hapa majira yote ya baridi. Yalikuwa ya kesho. Ya mwisho wako."

Noelene alilichukua lile refu. Alilipima kwa mkono, akalilaza begani, akapitisha kidole gumba kwenye mpini mpaka chini. Kirra alijikuna shingo akatoa ruba, akamtupa.

Kisha Noelene akalitua kasia, akaenda kwenye tezi ya Dorothy, akachuchumaa kwa taabu ya nyonga yake, akaunusa ule ubao mpya.

"Gundi umeweka nyingi."

"Ndiyo."

"Baba angekupiga kofi."

"Ndiyo, dada."

"Si kwa ajili ya mashua. Kwa ajili ya kuendesha gari na kandambili. Alikwambia tangu una miaka kumi na sita!" Na hapo kicheko kikamtoka, kile cha kuitia watu nje ya mkondo, ndege wa msituni wakamjibu wote kwa mkupuo, akashindwa kusimama, ikabidi Lindsay amwinue, na alipomwinua hakumwachia. Walibaki wamekumbatiana, vumbi la mbao lote likiwa sasa kwa Noelene.

"Lindsay," alisema Kirra, "kuingiza gari hapa bila moto ni kosa. Keshokutwa nitakupiga faini. Leo niletee msasa."

Jua lilipoinama walikuwa sita. Stav na Dougal walifika na bia kwenye barafu, Stav akazigawa moja moja, akamruka Lindsay, akamrudia baada ya kila mtu kuona. Rhonda alipewa brashi ya vanishi. Upepo wa joto ulishuka kutoka bara ukakausha kazi yao, na kila mtu alikuwa na ruba wake.

Siku ya mashindano ufukwe ulijaa, miavuli bega kwa bega, watoto wamepakwa mafuta ya jua meupe puani, harufu ya soseji na vitunguu mpaka baharini. Brendan Tulloch alipoiona Dorothy ikishuka na makasia mapya alivua kofia, kisha akaivaa haraka maana ana kipara.

Waliondoka pamoja. Wakazunguka boya la nje pamoja. Wakati wa kurudi, nyuma yao likainuka wimbi ambalo watu wa Corrigan Heads bado wanalisogeza juu kila wanapolisimulia. Noelene alilisikia kabla ya kuliona. Alisimama wima kwenye tezi, mguu wa kushoto ameukanyagia juu ya ubao ule mpya, kasia refu kwapani, na sauti yake ilifika mpaka kwenye karavani: "Sasa, wanangu! Sasa! Lindsay, vuta kama unanikimbia!"

Lindsay alivuta kama anamkimbia. Dorothy ilipanda, ikakaa juu ya wimbi, ikateremka nalo mpaka mchangani, urefu wa omo, yaani pua yake tu, mbele ya Mossop, nusu ndoo ya maji ndani. Chini ya mguu wa Noelene hapakuwa na tone.

Alishuka mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Brendan alimfuata akiwa ameloa mpaka masikio.

"Ukiwa umesimama," alisema Brendan.

"Nikiwa nimesimama," alisema Noelene, akambusu upara.

Hotelini jioni ile hapakuwa na mahali pa kuweka kiwiko. Lindsay alipita katikati ya watu kuelekea kaunta, pekupeku, akikanyaga kwa tahadhari, maana lami ya nje ilikuwa imemwunguza nyayo. Kandambili zake zilikuwa zimegongelewa misumari juu ya mlango wa banda la mashua, zote mbili, na dada yake alikuwa ameficha nyundo. Aliinua mkono.

"Raundi hii yangu! Nyumba nzima!"

Paa lilitaka kuondoka. Bia zikapita juu ya vichwa. Stav alipokea yake chini ya feni, akanywa kidogo, akalamba mdomo, akaiweka mezani.

"Nzuri. Hii ni ya leo. Ya Jumanne je?"

"Stav!" alisema Dougal.

"Ya Jumanne nitanunua mimi," alisema Rhonda, akaingiza mkono mfukoni. "Nina furaha, na likizo yangu bado."

Meza nzima ilimgeukia, Noelene akiwa wa kwanza, na hakuna aliyekuwa anacheka.

"Afande," alisema Stav kwa upole, kama anayemwonya mgeni asikalie kiti cha marehemu. "Umetupatia Dorothy. Tunakupenda. Lakini raundi ya mtu hainunuliwi na mwingine."

Rhonda aliutoa mkono mfukoni, mtupu. Lindsay akashusha pumzi, akageuka, akaanza upya safari ya kwenda kaunta, nyayo zikimuuma, mji mzima ukimpisha njia.

"Glasi tatu!" Noelene alimpigia kelele mgongoni. "Na ukienda kumlisha mbwa, umlete hapa tumwone!"